Wimbo wa Kokoto Ulikuwa wa Nani

Nashville, Tennessee
14 Agosti 1983

Kwako Dada Vergie,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanao Rhonda na wajukuu. Goti linaendeleaje? Carlis ameniambia lilivimba mpaka ukashindwa kwenda kanisani, na kwamba daktari alipotaka kulitoboa ulimwambia aanze na la kwake. Mimi ni mzima. Mama naye ni mzima, tena anakula kunishinda. Jicho lake la kulia limefunguliwa bandeji Jumatano, na kitu cha kwanza alichokiona sawasawa ni uso wangu. Akasema, "Treva, mbona umezeeka hivi na hakuna aliyeniambia?" Basi ujue upasuaji umefanikiwa.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Barua zangu za nyuma zilinirudia bila kufunguliwa, nikaacha kuandika, kwa sababu niliona una haki. Hii nimempa Carlis mkononi aje nayo atakapomrudisha Mama nyumbani, naye ameapa hatabanduka kibarazani kwako mpaka aone umeifungua. Unamjua kaka yetu. Afadhali uisome, la sivyo atakaa hapo mpaka umpikie.

Nakupa pia rambirambi za mumeo Doyle, ingawa zimechelewa. Yale maua meupe yasiyo na kadi yaliyofika kanisani Novemba yalikuwa yangu. Sikuandika jina kwa kuogopa usije ukayatupa mbele za watu.

Dada, nina neno moja la kukuambia, lakini siwezi kulianzia hapohapo. Maisha yangu yote nimeeleza mambo kwa beti, na nikiruka ubeti mmoja napotea. Kwa hiyo nivumilie nikueleze hata yale unayoyajua.

Unakumbuka tulivyoanza. Kanisani kwetu Hensley hapakuwa na ala hata moja. Mhubiri alitanguliza mstari, watu wakaufuata polepole, wewe ukishika sauti ya chini nami ya juu, na Baba akitutazama kwa pembe ya jicho kuona kama tunaimba kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya watu. Gitaa kwake lilikuwa kitu cha walevi. Ndiyo maana lile gitaa la Mjomba Ance lenye ufa tulilificha kwenye pipa la chakula cha nguruwe, na mpaka leo nikisikia harufu ya pumba vidole vyangu vinajipanga vyenyewe.

Kisha ikaja redio. Kila Jumamosi asubuhi tulikaa kwenye chumba cha nyuma cha duka la mbegu, sisi "Dada wa Sizemore," tukiimba nyimbo mbili, halafu mtangazaji anasoma bei za chakula cha kuku. Siku ile uliposhikwa na kicheko katikati ya wimbo wa mazishi, mtangazaji akawaambia wasikilizaji kwamba dada mkubwa amezidiwa na majonzi, mvua ya kadi za pole ilitunyeshea. Sijawahi kuimba na mtu mwingine kwa raha ile. Nimefanya kazi na waitikiaji wanaolipwa kwa saa, wanaosoma muziki kwenye karatasi kama gazeti, na hakuna hata mmoja aliyejua ninapotaka kuvuta pumzi.

Halafu Doyle Napier akaanza kuja na lori lake jipya, ukaolewa, na Dada wa Sizemore wakabaki mmoja. Sikukulaumu. Nilikuwa na miaka kumi na saba na niliona una bahati: nyumba yako, jiko lako, mume mwenye kazi ya kudumu mgodini. Mimi niliendelea na redio peke yangu, na humo ndimo alimonikuta Lamar Pettus.

Lamar alikuwa akiuza matangazo ya biashara kwa vituo vya redio, na angeweza kumuuzia mtu viatu alivyovaa. Alimwambia Baba kwamba sauti kama yangu ikizikwa mlimani ni dhambi, na Baba, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha habari ya dhambi, akatazama viatu vyake. Mama peke yake hakumpenda. Alisema, "Huyu anatabasamu kabla hajasikia unachosema." Nikamwambia Mama kwamba huko mjini watu ndivyo walivyo. Tukafunga ndoa mahakamani, tukateremka Nashville mwaka 1964 na sanduku moja na gitaa.

Miaka ile ya mwanzo niliwaandikia kwamba mambo ni mazuri. Hayakuwa mazuri, lakini hayakuwa mabaya pia. Tulipanga chumba juu ya duka la dobi, nguo zetu zikinuka sabuni ya watu wengine. Mchana nilihudumu kwenye mkahawa, nikibeba biskuti laini kama mkate na mchuzi mweupe kwa wanamuziki waliokuwa na njaa kama mimi, na jioni Lamar alinizungusha kwenye ofisi za makampuni ya santuri. Bwana mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaniambia naimba kama mtu aliyebanwa pua na mlango. Nikamjibu kwamba kwetu Kentucky milango yote iko hivyo. Akacheka, na ndiye aliyenirekodi wimbo wa kwanza.

Santuri ya kwanza haikununuliwa ila na ninyi. Ya pili ilipigwa kidogo Alabama. Ya tatu ikapanda, tukapata basi na bendi, tukaanza kutembea. Watu wa nyumbani walikuwa wakidhani kuimba ni jukwaa na taa. Kuimba ni basi, dada. Ni uwanja wa maonyesho ya ng'ombe Ohio, ukumbi wa shule Georgia, na kilabu cha bia Texas ambako wameweka waya wa kuku mbele ya jukwaa ili chupa zisitufikie. Buford Stamper, mzee wetu wa gitaa la kulaza, lile linalolia kama mtu, alikuwa akisema chupa ikitupwa imejaa ndipo ujue wamekupenda sana.

Nyimbo niliandika mwenyewe, nyingi zikiwa za mapenzi, kwa sababu ndizo zilizotakiwa. Nilikuwa naziandika asubuhi kabla Lamar hajaamka. Na mwaka 1971 nikaandika ule wa kokoto.

Huhitaji nikusomee maneno yake. Unayajua kuliko mtu yeyote, lakini niyaweke hapa mara moja tuelewane. Mwanamke yuko jikoni, anasikia lori la mumewe likiingia juu ya kokoto za uani. Kwa jinsi matairi yanavyosaga zile kokoto anajua jioni itakuwaje. Likija taratibu, anapakua chakula. Likifunga breki mpaka mawe yakagonga ukuta, anazima redio, anaweka sahani nzuri kabatini, na anamtuma mtoto bandani akaokote mayai, ingawa mayai yalishaokotwa asubuhi. Basi. Hakuna kofi ndani ya wimbo ule. Mlango unafunguliwa na wimbo unakwisha.

Kampuni hawakuutaka. Bwana yuleyule wa miwani aliniambia watu wanafungua redio wapumzike, hawafungui ili wakaguliwe nyumba zao. Wakauweka upande wa pili wa santuri, mahali pa nyimbo za kujazia. Mtangazaji mmoja wa kituo kidogo akaigeuza santuri kwa bahati mbaya, na simu zikaanza. Zote zilikuwa za wanawake, na wengi hawakusema kitu ila, "Upige tena." Vituo vingine vilikataa kuupiga. Kimoja kilisema unavunja ndoa. Lakini kadiri walivyoukataa ndivyo ulivyopanda, mpaka nikaalikwa kuuimba kwenye lile onyesho kubwa la Jumamosi ambalo wewe na mimi tulikuwa tukilisikiliza tumejifunika blanketi moja. Baada ya kila onyesho nilikaa mezani kusaini picha, na kila mahali alikuja mwanamke aliyenishika mkono, asiseme jina lake wala asitake picha, akauminya, akaenda zake.

Kisha likatoka lile jarida. Liliandika kwamba wimbo wa kokoto ni kisa cha kweli cha dada yake Treva Sizemore, mke wa mchimbaji wa makaa kwenye milima ya Kentucky. Hawakuandika jina lako, lakini Hensley ina mtu mmoja tu wa namna hiyo. Carlis aliniambia baadaye kwamba wanawake waliacha kuzungumza ulipoingia dukani, na kwamba wachimbaji walimwimbia Doyle kiitikio ndani ya kigari cha mgodini.

Ukanipigia simu. Ulisema maneno machache. Ulisema, "Nani alikwambia, Treva? Nani alikwambia habari ya mayai?" Nikanyamaza. Ukaniuliza kama nilijua Doyle ameusikia wimbo, na kama nilifikiria jioni yako itakuwaje. Nami nikakujibu, "Ni wimbo tu, dada." Ukakata simu, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kuisikia sauti yako. Hata kwenye mazishi ya Baba ulisimama upande wa pili wa kaburi.

Yaliyofuata uliyasikia redioni kama watu wengine. Nilipata tuzo, tukajenga nyumba nyingine na jina langu likaandikwa ubavuni mwa basi. Mwaka 1974 nikaachana na Lamar, na magazeti yakaandika ni kwa sababu ya pesa. Baada ya hapo nilirekodi santuri kadhaa nzuri ambazo hazikwenda popote. Vijana wakaja na nywele zao na violini kumi na mbili kila wimbo, kampuni ikaniambia sauti yangu ni ya kizamani, nikawaambia ndiyo, niliirithi kwa watu wa zamani. Wakaniacha. Sasa naimba mwishoni mwa wiki na Buford na mpiga besi mmoja, kwenye kumbi ndogo ambako watu wanasikiliza kweli, na katikati ya wiki naandikia wengine. Msichana mmoja wa Oklahoma amerekodi nyimbo zangu mbili na amezitendea haki. Sina shida. Nina bustani ya nyanya, na mbwa aliyemvamia Carlis akamng'oa kifungo.

Nimefika kwenye neno lenyewe.

Dada, wimbo ule haukuwa wako. Ulikuwa wangu.

Zile kokoto zilikuwa za nyumba yetu ya kwanza nje ya mji, nyeupe, Lamar alizimwaga mwenyewe ili mahali paonekane pa watu wenye hadhi. Mimi ndiye niliyekuwa jikoni. Mimi ndiye niliyejifunza kuyasoma matairi. Mara ya kwanza kunipiga ilikuwa safarini, mjini Shreveport, kwa sababu nilisahau kumshukuru mwenye redio fulani nikiwa jukwaani. Akalia, akaomba msamaha kwa magoti, nami nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Unazikumbuka zile glavu ndefu nilizokuwa nikivaa, zinazofika viwikoni? Watu walisema ni mtindo. Kulikuwa na wasichana Nashville nzima wakivaa glavu kama zangu, na kila nilipowaona wakipita nilitamani kuwaambia wakazivue.

Wimbo niliuandika kwa sababu ulikuwa umenikaa kooni na haukuacha mwingine upite. Sikukusudia Lamar ausikie, lakini alinikuta nauimba. Akasimama mlangoni akila mkate wake, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huu utauzika." Halafu akaniuliza ni wa nani. Nikamwambia si wa mtu. Akapangusa midomo, akasema, "Basi tutasema ni wa dada yako. Kule milimani kila mtu ataamini." Yeye ndiye aliyewapigia watu wa jarida. Nilimsihi asifanye hivyo. Wewe utajua kusihi kulikuwa na thamani gani.

Na siku uliyonipigia, alikuwa ameegemea friji anamenya pichi kwa kisu kidogo, anasikiliza. Lakini si hilo peke yake lililonifunga mdomo. Ulipouliza nani alikwambia, ndipo nilipojua. Mpaka dakika ile, Vergie, nilikuwa naamini wewe na Doyle mnaishi vizuri. Nilikuwa nakuonea wivu. Nilikuwa nikilala nikifikiria jiko lako, pazia zako za manjano na maharage yako motoni, nikijiambia angalau mmoja wetu alichagua vizuri. Ulipotaja mayai nikajua nawe ulikuwa ukimtuma mtoto bandani. Nilitaka kukuuliza. Nilitaka kukuambia hata mimi. Badala yake nikasema yale niliyosema, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo yule mtu mwenye kisu angeniruhusu niseme.

Habari ya mayai hakuniambia mtu. Sikuwa na mtoto, unajua, ila nilipouandika wimbo nilimweka mtoto, na nilipomweka nikaona lazima atumwe mahali. Nikakumbuka Mama. Unakumbuka mwaka aliokufa mdogo wetu Denver, jinsi Mama alivyokuwa akitutuma bandani tukaokote mayai kila alipotaka kulia, na sisi tukikaa mle na kuku tukimngoja amalize? Nadhani nawe ulimtuma Rhonda kwa sababu hiyohiyo. Tulifundishwa na mtu mmoja namna ya kuwaondoa watoto, kisha kila mmoja akaitumia kwake bila kumwambia mwenzake.

Kutengana kwangu na Lamar hakukuwa kwa sababu ya pesa, na ushujaa haukuwa wangu. Ilikuwa asubuhi, Amarillo kule Texas, uwanjani nje ya hoteli. Bendi walikuwa wanakunywa kahawa na mimi nilishindwa kuinua birika. Buford alinitazama mkono. Alipanda basini, akateremka na sanduku la Lamar na kofia yake, akaviweka chini kwenye lami, kofia juu ya sanduku, kwa adabu kabisa. Lamar akamwambia, "Mzee, unajua ni nani anayekulipa?" Buford akamjibu, "Najua. Ndiyo maana nimeteremsha la kwako, siyo la kwake." Akanipa mkono nipande, dereva akafunga mlango, tukaenda. Siku ile niliimba vibaya, nilisahau ubeti mzima, na watu wakapiga makofi wakidhani ni hisia.

Utauliza mbona sikusema baada ya hapo. Nilikuandikia, barua zikarudi. Ningeweza kusema gazetini, lakini Doyle alikuwa hai, na niliogopa neno lolote langu lingemfikia yeye kabla halijakufikia wewe. Sijui jioni ile, siku aliyousikia wimbo mgodini, ilikuwaje kwako. Sikuulizi. Lakini nimeifikiria kuliko tuzo zote.

Ijumaa nilimwambia Mama. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba tunachambua maharage mabichi, yeye na jicho lake moja jipya, akivuta nyuzi haraka kuliko mimi mwenye mawili. Nikamweleza yote, ya kwangu na yale niliyoyakisia ya kwako. Hakusimamisha mikono. Nilipomaliza alilijaza bakuli, kisha akasema, "Nilijua mmoja. Sikujua ni wawili."

Nikamuuliza alimjua yupi. Akasema, "Chambua maharage." Nikamuuliza tena. Akasema wote wawili ni wake na hatanipa jibu la kwenda kulilinganisha. Kisha akaniuliza kama wewe unajua. Nikamwambia hujui. Akasema, "Basi mwandikie. Na uandike wazi, usimwimbie." Jioni alipokuwa anavua viatu nilimwona akipangusa lile jicho jipya, nikamkumbusha daktari alikataza lisiguswe. Akaniambia daktari hana mabinti.

Sasa nikuambie linalokuja. Bila shaka umesikia kwamba wilaya inataka kusimamisha kibao barabarani chenye jina langu, na kwamba nimealikwa kuimba mbele ya jengo la mahakama huko Hensley wikiendi ya Siku ya Wafanyakazi, mwanzoni mwa Septemba. Watautaka ule wimbo. Nimeamua hivi: kabla sijauimba nitasimama kwenye kipaza sauti niseme kwamba kisa kile ni changu mimi, kilitokea nyumbani kwangu, na kwamba aliyesema ni cha dada yangu alidanganya ili watu wasimtazame yeye. Nitamtaja kwa jina. Wanasheria wake wakinitafuta, wanajua ninapokaa. Habari zako sitazigusa. Zako ni zako, uzitoe siku utakayotaka au usizitoe kabisa, na Hensley nzima iliyokutazama miaka yote hii itabidi itafute mtu mwingine wa kumtazama. Nitakuwa nimesimama palepale mbele yao.

Lakini ukisema hutaki wimbo ule uimbwe tena kwenye mji unaoishi, mwambie Carlis neno moja tu, nami sitauimba. Nitasema ninayotaka kusema, kisha nitaimba za kanisani. Nimefanya mashauriano na Buford, na amekubali, ingawa amesema za kanisani kwetu hazina mahali pa yeye kuweka kidole.

Rhonda nisalimie sana. Mwambie mama mdogo wa redioni anamkumbuka akiwa na meno mawili. Wabusu wajukuu kwa niaba yangu, na majirani wanaouliza habari zangu wape salamu, hata wale wanaouliza kwa ubaya. Mama atakuletea mtungi wa achari ya maganda ya tikiti maji niliyotengeneza. Amekwisha kuionja na kusema sukari imezidi, kwa hiyo usisumbuke kuniambia.

Carlis amewasha gari na Mama ameshakaa mbele na mkoba wake magotini, ananiita nimalize. Nimewaambia wanipe dakika, kwa sababu kuna kitu nilipaswa kukuambia siku ile kwenye simu. Nakiandika hapa kama Mama alivyotaka, wazi.

Pole, Vergie. Pole sana kwa yaliyokupata, na pole kwa kuyabeba peke yako. Na ukiweza, nami unipe yangu.

Ni mimi mdogo wako,

Treva